Nani Kasema? Ubeti wa Ukurasa wa 41

Ukurasa wa 41 wa daftari langu la kijani una ubeti mmoja wa mistari minne. Hati ni yangu, wino wa buluu, herufi zimelala upande kama ninavyoandika nikiwa na haraka. Juu yake kuna neno moja tu: Liyongo. Chini yake hakuna kitu. Hakuna jina la kitabu wala la tovuti, hakuna tarehe, hakuna hata alama ya kuuliza.

Ubeti wenyewe ni mtamu. Unamweka Fumo Liyongo ukingoni mwa mto na unautaja Ozi kwa jina. Kama hukuzaliwa Ozi labda hutaelewa kwa nini nilishtuka. Sisi ni kijiji kilicho karibu na pale Mto Tana unapoingia baharini, upande wa Kipini, kwa watu wa mpunga na maembe na mikoko. Nikimwambia mtu Nairobi natoka Ozi, ananiuliza hiyo ni kaunti gani. Nikisema Tana River, anaitikia kichwa kwa huruma, manake Tana River anaijua kwa habari za mafuriko peke yake. Sasa fikiria shujaa wa washairi wote wa pwani ametamka jina la kijiji chako. Ni kama kuitwa jina lako redioni.

Mwaka jana nilikuwa naandika makala kuhusu Liyongo na mto wetu, na nilitaka kuyafungua na ubeti huo. Nikaanza kutafuta niliutoa wapi. Nikatafuta wiki mbili. Niliandika kila mstari kwenye simu, ukiwa mzima, kisha nusu, kisha maneno mawili mawili. Nikabadilisha tahajia, Liyongo, Liongo, Fumo, Mringwari. Hakuna. Ndipo likaja swali ambalo sikulitarajia, nalo ndilo lililonikosesha usingizi. Yaani, nina hakika niliunakili? Daftari lile lina mambo ya miaka mitatu. Ndani yake kuna niliyosoma kwenye simu, niliyoambiwa na wazee, na mashairi yangu mwenyewe ya kujaribu kuiga lugha ya kale. Yote kwa kalamu ile ile. Huenda ubeti ni wa Liyongo. Huenda ni wa mtu fulani aliyeuweka mtandaoni juzi. Huenda ni wangu, niliutunga usiku mmoja nikausahau.

Nikiuchapisha kama wa Liyongo na kumbe ni wangu, nimewadanganya wasomaji. Nikiuchapisha kama wangu na kumbe ni wa mtu, nimeiba. Na vyovyote vile, siwezi kujua ni lipi kati ya hayo nimefanya.

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya ubeti huo, lakini sitaki yawe ya kujilaumu peke yangu. Nataka kuhakiki namna kizazi chetu kinavyoandika kwa Kiswahili mtandaoni, mimi nikiwa wa kwanza kwenye orodha. Tunasoma kwenye simu, tunaandika pembeni kwenye daftari, kisha tunachapisha kwenye simu tena. Katikati ya safari hiyo kuna kitu kinadondoka njiani, na kinachodondoka karibu kila mara ni jina la aliyesema.

Kwanza niseme kwa nini bado naandika kwa mkono, manake najua kuna watakaoniuliza. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Karo ilishinda, na hadithi hiyo haina upekee wowote. Siku niliyoondoka nilipoteza maktaba, na nikabaki na simu yenye kioo kilichopasuka na bando la kununua kidogo kidogo. Nikiwa Ozi mtandao unakuja na kwenda kama maji kupwa na maji kujaa. Ukipata ukurasa mzuri unasoma haraka na kuandika yaliyo ya maana kabla mtandao haujakata au chaji haijaisha. Tena mkono una faida yake. Nikinakili sentensi kwa kalamu naielewa kuliko nikiibandika. Natambua mahali mwandishi amepinda. Naona neno ambalo jicho lingeliruka.

Lakini mkono una ila moja kubwa. Unachoka, na ukichoka unaacha lile linaloonekana halina maana. Linki ya ukurasa ni mkia mrefu wa herufi, namba na vistari. Nani ataunakili kwa kalamu? Unajiambia, ah, nitaipata tu tena, si iko kwenye simu. Haiko. Historia ya simu inajifuta, simu yenyewe inaanguka mtoni, na daftari linabaki na maneno yasiyo na mwenyewe.

Na hata ungeinakili linki yote, bado. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilitoa ripoti kwamba asilimia 38 ya kurasa za mtandao zilizokuwepo mwaka 2013 zilikuwa hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Hiyo ni hesabu ya mtandao kwa jumla. Sisi wa Kiswahili tuna sababu zetu za nyongeza. Mwezi Machi 2018 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni za maudhui ya mtandaoni zilizomtaka mwenye blogu ajisajili na alipe ada ambazo kwa jumla zilifika shilingi milioni 2.1 za Tanzania. Mwezi Juni mwaka huo huo Jamii Forums ilizima mitambo yake kwa muda, na wanablogu kadhaa wakafunga duka. Fikiria mtu aliyekuwa akiandika historia ya mtaa wake au nyimbo za bibi yake bila kulipwa na mtu, halafu aambiwe atoe milioni mbili. Alifunga, na kilichokuwa ndani kikaenda naye. Kama mimi au wewe tulikuwa tumenakili chochote hapo bila kuandika jina lake, jina hilo limekufa mara mbili.

Tabia hii ina neno lake, nalo ni "inasemekana". Fungua makala yoyote ya Kiswahili mtandaoni kuhusu historia ya pwani uhesabu. Inasemekana Liyongo alikuwa mrefu kama jitu. Inasemekana aliuawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Wataalamu wanasema. Wazee wanasimulia. Wataalamu gani? Wazee wa wapi? Kitenzi hiki kina ujanja, kinamficha msemaji na bado kinabaki na heshima ya maneno yake. Kuna wakati "inasemekana" ni neno la kweli, pale uvumi wenyewe unapokuwa habari. Lakini mara nyingi maana yake ni hii: nililisoma mahali, sikuandika wapi, na sasa naona haya kusema.

Chukua Liyongo huyo huyo. Kila aliyesoma shule ya upili Kenya anamjua, manake tukifundishwa mighani shujaa wa mfano ni yeye. Anafungwa gerezani, mamake anamtumia tupa ndani ya mkate wa makapi, anakata minyororo huku watu wakiimba gungu. Mwisho anapiga goti karibu na kisima, ameshika upinde, tayari amekufa, na watu wanaogopa kwenda kuteka maji. Tunaisimulia kana kwamba ni hadithi moja. Ukifuata nyuzi unakuta ziko kadhaa, na kila moja ina kwao.

Mwaka 1870 Edward Steere alichapisha London kitabu cha hadithi za Kiswahili, Swahili Tales, na hadithi ya Liyongo imo. Steere alisema wazi kwenye jina la kitabu kwamba hadithi zake zimesimuliwa na wenyeji wa Unguja. Kitabu hicho kimeskaniwa, kiko kwenye Internet Archive, yeyote mwenye bando anakisoma bure. Mwaka 1913 ndio unaotajwa kwa Utendi wa Fumo Liyongo wa Muhammad Kijumwa, mtu wa Lamu, mwandishi wa hati nzuri, mchonga milango, mwanamuziki. Huo ni uzi mwingine, wa mji mwingine, umepita miaka arubaini na kitu. Halafu kuna toleo la vitabu vya shule, ambalo limechota huku na huku. Halafu kuna wazee wa huku kwetu, ambao kaburi la Liyongo wanakuelekeza Kipini.

Sasa mimi nikisoma kwenye simu ukurasa uliochukua kwa Steere bila kumtaja, nikaunakili kwenye daftari bila kuutaja ukurasa, kisha nikaandika "wazee wa Ozi wanasimulia", nimefanya nini? Nimewawekea wazee wangu mdomoni maneno ya Unguja ya mwaka 1870. Na yale wanayoyasema wao kweli, yanayotofautiana, nimeyafunika. Watu hudhani kutotaja chanzo kunamwumiza mwandishi mkubwa aliyeibiwa. Steere yuko kaburini, haumii. Anayeumia ni yule mzee ambaye toleo lake dogo la kijijini linamezwa na toleo lililopata kuchapishwa London.

Kwa hiyo kama mhakiki, kitabu ninachokisifu kwenye habari hii nakisifu kwanza kwa neno moja la jaladani. Mwaka 2004 kikundi cha wataalamu, wakiwemo Waswahili wenyewe, kilitoa Köln, Ujerumani, mkusanyiko wa tungo za Liyongo uitwao Liyongo Songs. Jina dogo la kitabu linasema hizi ni tungo zinazonasibishwa na Fumo Liyongo. Zinazonasibishwa. Hawakusema zake. Neno hilo moja linamwambia msomaji kwamba zimesemwa ni zake, sisi tumezikuta mikononi mwa fulani na fulani, na hatutaapa zaidi ya hapo. Kuna watu wataona ni uoga wa wasomi. Mimi naona ndio ujasiri, kumpenda shujaa kiasi hicho na bado ukakataa kumpa ambacho huna hakika ni chake. Ubeti wangu wa ukurasa wa 41 haukustahili hata neno hilo. Unanasibishwa na nani? Na mimi, usiku, nikiwa na usingizi?

Kuna mfano mwingine wa daftari langu, huu uliisha vizuri kidogo. Ukurasa wa 12 nimeandika: "Ozi na Tana ni mito miwili." Ukurasa wa 15: "Ozi ni jina la sehemu ya mwisho ya Tana." Zote bila chanzo. Nilipozisoma tena nikasema mmoja hapa ni mwongo, na kwa kuwa mimi ni wa huko nikajua mwongo ni nani, kwani si naona mto ni mmoja? Nikaufuta ule wa kwanza kwa mstari mmoja mkali.

Baadaye nilikuja kuelewa kwamba wote wawili walisema kweli. Katika karne ya 19 Mto Ozi na Mto Tana walikuwa kila mmoja na njia yake ya kwenda baharini. Kisha ukachimbwa mfereji wa Belezoni kuiunganisha, na maji ya Tana yakaufuata, yakaingia Ozi, mpaka leo yanatokea Kipini. Aliyeandika kabla ya hapo aliona mito miwili. Aliyeandika baada yake aliona mmoja. Kilichokosekana daftarini ni tarehe tu. Ningekuwa nimeandika mwaka kando ya kila sentensi, zile sentensi mbili zisingegombana. Zingenisimulia zenyewe hadithi ya mto uliohamishwa na jembe. Badala yake nilimfuta msema kweli.

Ndiyo maana simwelewi mtu anayeniambia kutaja vyanzo ni mambo ya chuo, ya kutafuta alama. Nilidhani hivyo hivyo nilipokuwa chuoni. Mhadhiri mmoja alikuwa akizungushia duara na kuandika pembeni "chanzo?", nami nilikuwa nachukia duara lile. Nilipoacha masomo nilifurahi kwamba sasa nitaandika bila askari. Kumbe aliye chuoni akisema jambo bila chanzo, bado ana jina la chuo nyuma yake, watu watamwamini nusu. Mimi nina nini? Sina cheti. Nikisema jambo kuhusu historia ya Mto Tana, msomaji ana haki ya kuniuliza wewe kijana ni nani. Jibu langu ni moja tu: usiniamini mimi, nenda ukaone pale nilipoona. Nikikosa "pale", sina jibu.

Na wala si jambo tulilofundishwa na Wazungu. Nilisoma madrasa kabla ya shule. Mtoto wa madrasa anajua hadithi ya Mtume haianzi na maneno yenyewe, inaanza na majina: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Isnadi ikikatika, maneno yanaweza kuwa matamu vipi, yanatiliwa shaka. Na watunzi wetu wa pwani waliishi ndani ya adabu hiyo. Mwana Kupona alipomtungia binti yake utendi mwaka 1858, aliacha ndani ya utendi wenyewe hesabu ya beti na mwaka wa Hijra. Hebu fikiria akili hiyo. Mama mgonjwa, anaandika wasia, na bado anakumbuka kuweka tarehe na idadi, ili atakayenakili baadaye ajue kama amepunguza au amezidisha. Hati ya Utendi wa Tambuka tunaiweka mwaka 1728 kwa sababu kuna mtu hakuona uvivu kuandika mwaka. Wale walikuwa wanaandika kwa mkono kama mimi, kwa wino wa kujitengenezea, bila umeme. Kwa hiyo nisiseme mkono ndio ulioniponza. Niliponzwa na dhana kwamba simu inakumbuka kwa niaba yangu.

Basi nilifanya nini? Nitaeleza, manake uhakiki unaoishia kulalamika haujamfaa mtu. Haya niliyapata kwa kukosea, na kila mtu atayapimia kwa mkono wake.

Jambo la kwanza, chanzo naandika kabla ya maneno. Zamani nilinakili kwanza nikisema chanzo nitakiweka mwisho, na mwisho mtandao ulikuwa umekata. Siku hizi kalamu haigusi maneno ya mtu mpaka jina lake liko juu ya ukurasa.

Pili, sinakili linki. Naandika vitu ambavyo mkono unaviweza na vinavyoishi zaidi ya linki: jina la mwandishi, kichwa cha makala, jina la tovuti, tarehe iliyochapishwa kama ipo, na tarehe niliyosoma mimi. Kisha naongeza maneno matano au sita ya ukurasa huo yasiyo ya kawaida, kama yalivyo, ili nikiyaandika kwenye kitafutio yanirudishe pale pale. Ukurasa ukihamia anwani nyingine, maneno yake huhama nao. Kama ni kitabu kilichoskaniwa naandika namba ya ukurasa wa kitabu, si ya faili, manake zinatofautiana na utajikuta unamtuma msomaji mahali sipo.

Tatu, daftari lina namba za kurasa, na kurasa nne za mwisho ni za vyanzo tu. Kila chanzo kina namba yake, V1, V2, V3. Huku ndani sihitaji kurudia yote, naandika V7 pembeni na kuendelea. Inachukua nusu sekunde, mkono hauna sababu ya kulalamika.

Nne, na hili ndilo lingeniokoa, alama tatu za kutenganisha sauti. Maneno ya mtu neno kwa neno yako ndani ya alama za kunukuu, hata kama ni maneno mawili. Maneno ya mtu niliyoyageuza kwa lugha yangu yana herufi ya V na namba bila alama za kunukuu. Mawazo yangu mimi yanaanza na "Mimi:" kama mtu anayezungumza kwenye mchezo wa kuigiza. Na ninachotunga kina tarehe na mahali: Ozi, usiku, siku fulani. Mtu akisema ni utoto, nitamwonyesha ukurasa wa 41.

Tano, nikipata mtandao wa nguvu, Garsen au Malindi, naketi na zile kurasa nne za mwisho na kuhifadhi vyanzo vya maana. Wayback Machine ya Internet Archive imefunguliwa kwa umma tangu 2001, unaipa anwani ya ukurasa nayo inaweka nakala yenye tarehe. Hufanyi hivyo kwa kila kitu. Unafanya kwa ile blogu ya mtu mmoja ambayo unaona kabisa kwamba siku akiugua au akichoka kulipia, imekwenda. Skrinshoti nazo napiga, na jina la faili linakuwa ile namba yake, V7.

Daftari nalo si mlima. Novemba 2023 mvua za El Niño zilipoleta mafuriko, tulihama na vitu kichwani, na madaftari yangu mawili yaliloa. Moja liliokoka kwa kuanikwa ukurasa kwa ukurasa kama samaki. La pili wino ulikimbia wote. Tangu hapo, kila mwisho wa mwezi napiga picha kurasa za vyanzo. Maneno yakifutika, na nikabaki na majina ya waliosema, naweza kurudi kwao. Kinyume chake, kama mnavyoona, hakiwezekani.

Sasa turudi kwenye ubeti. Baada ya simu kushindwa nilimwendea bibi yangu, ambaye hana simu ya intaneti wala hamu nayo. Nikamkuta barazani anapepeta mchele. Nikamwambia, bibi, nina ubeti hapa, nataka unisikilizie. Nikamsomea. Akasikiliza mpaka mwisho, akapepeta mara mbili tatu, kisha akauliza:

"Nani kasema?"

Nikamwambia, bibi, uko kwenye daftari, nimeuandika.

"Kuandika umeandika wewe, nakuona. Nauliza nani kasema."

Nikanyamaza. Akaniomba nirudie mstari wa tatu. Nikarudia. Akatikisa kichwa akasema lile neno la katikati si letu, wala si la watu wa kale wa upande huu. Huku hatusemi hivyo, akasema, huo ni usemi wa redioni. Kisha, labda kwa kunionea huruma, akaniimbia wimbo mfupi wa kuvuna mpunga. Sitauandika hapa, manake sijamwomba ruhusa. Ninachotaka kuwaonyesha ni namna alivyouanza. Kabla ya kutoa sauti alisema: huu nilifunzwa na shangazi yangu, dada yake baba, tukiwa shambani upande wa chini, kabla ya maji ya chumvi kuingia, na yeye alisema ameupata kwa mamake.

Jina, mahali, wakati, na aliyetangulia. Hajui kusoma hati ya kizungu, na katika pumzi moja ametaja vyote vinne ambavyo mimi na simu yangu na daftari langu tulishindwa kuviweka chini ya mistari minne. Tena shamba hilo alilolitaja leo halilimiki, chumvi imelila. Wimbo ndio uliobaki kuwa ushahidi kwamba pale paliwahi kuvunwa. Ungekuja bila maneno yake ya mwanzo, ungekuwa wimbo tu.

Nikarudi kwenye makala yangu ya Liyongo nikautoa ule ubeti. Bado haujachapishwa popote, na haumo humu pia, kama msomaji makini ameshaona. Nilifikiri kuufuta kabisa daftarini, lakini nikakumbuka nilivyomfuta yule msema kweli wa mito miwili. Kwa hiyo nimeuacha. Nimeongeza mstari mmoja tu chini yake, kwa wino mweusi ili uonekane ni wa baadaye, na tarehe ya siku hiyo: "Sijui nani kasema. Bibi anasema si wetu. Mimi: huenda ni wangu."